Hapana, Mama, Siyo Huyo

Mhariri aliuweka mswada mezani, akaweka na miwani yake juu yake, kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie. Kisha akasema jambo ambalo wahariri wanne waliomtangulia hawakuwahi kulisema.

"Kaka, kitabu chako kina wezi wengi, na hakuna hata mmoja aliyeiba."

Mpiga pasi alinyoosha ukosi wake. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kuendea mahali, alilolinyoosha mwenyewe asubuhi ile mpaka mikono ikawa na makali ya kukatia mkate. Mtu anayenyoosha mashuka mia mbili ya hoteli kila siku ya Mungu hawezi kwenda kwa mhariri akiwa na mikunjo. Miaka kumi na moja alikuwa akiandika hadithi za upelelezi, na si zile za bastola na maiti kwenye buti la gari. Zake zilikuwa za mtaani: sufuria iliyopotea siku ya harusi, miwani ya mtunza maktaba, barua iliyofika ikiwa imefunguliwa. Mpelelezi wake alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwenye magoti mabovu na masikio mazima, anayewafumbulia watu mafumbo yao huku chai ikipoa mbele yake. Hakuna aliyekufa katika vitabu vile. Mhariri wa kwanza alimwomba amuue mtu, hata mmoja tu, hata kama ni mzee. Alikataa. Wa pili alimwambia vitabu vinavyonunuliwa ni vya shule. Wa tatu hajamjibu mpaka leo. Wa nne alimrudishia mswada ukiwa na doa la chai ukurasa wa tatu na kurasa nyingine zote safi, kwa hiyo alijua aliishia wapi.

Huyu wa tano alikuwa amesoma mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu, na kila alichokisema kilikuwa kweli. Kengele ya shule imepotea wiki ya mitihani: vizuri. Mkunga anaitwa: vizuri. Sura ya pili ni tamu, ya tatu ni tamu zaidi. Halafu kuanzia ya kumi na tano mambo yanakwenda mrama. Mpishi anaanza kuonekana mwizi, anaachwa. Mwalimu wa hesabu anaanza kuonekana mwizi, anaachwa.

"Na huyu muuza vyuma chakavu ametoka wapi? Anaingia sura ya kumi na tisa, anaiba, anatubu, anaondoka. Hata jasho halijamtoka. Aliyeandika sura ya pili alimjua mwizi wake, kaka. Aliyeandika hizi za mwisho alikuwa anamkimbia."

Kisha akamweleza hali ilivyo. Ijumaa saa sita mchana angeingia kwenye kikao na orodha ya vitabu vya mwaka ujao. Kampuni ilikuwa imeamua kwamba baada ya orodha hiyo itachapa vitabu vya kiada tu. Nafasi ya hadithi ilikuwa moja, ya mwisho. Akimletea sura sita zinazofanana na mwanzo, hata kwa mwandiko wa mkono, yeye mhariri atakipigania. Asipoleta, basi asijisumbue tena, maana hapatakuwa na mtu wa kukipokea. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mpiga pasi alishuka ngazi akiwa na mswada kwapani. Mtu mwingine angeumiza kichwa kutaka kujua wezi wale wametoka wapi. Yeye alijua. Walitoka kwa mama mkwe wake.

*

Mama mkwe alikuja kukaa nao miaka kumi na moja iliyopita, baada ya mtoto wa jicho kumfunika macho yote mawili na daktari kusema wamechelewa. Kabla ya hapo alikuwa mpokeasimu. Miaka thelathini alikaa mbele ya mtambo wa kuunganishia simu, na mji mzima aliujua kwa sauti: nani anampigia nani, nani akisema yuko kazini hayuko kazini, namba ya nani ni ipi. Kitabu cha namba alikuwa nacho, lakini wenzake walisema alikitumia kukalia.

Mpiga pasi alikuwa akirudi kazini saa nane mchana, anaoga kuondoa harufu ya mvuke na sabuni, kisha anakaa jikoni na daftari lake kumsomea. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake cha dirishani akifuma vitambaa vya meza, vidole vikienda vyenyewe. Ilianza kama wema wa mkwe kwa mkwe. Mwanamume yule hakuwa na msikilizaji mwingine: mkewe, mwalimu wa chekechea, alirudi nyumbani akiwa amesikiliza watoto arobaini na wawili, masikio yakiwa yamejaa.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha sufuria ya harusi. Alikuwa amekihangaikia miezi kumi na minne, na mwizi alikuwa amemficha chini ya mambo mengi kiasi kwamba yeye mwenyewe alimwonea fahari. Siku ya pili ya kusoma, sura ya tatu, sindano ya mama mkwe ilisimama.

"Ni shemeji yake bibi harusi," alisema, kama mtu anayetaja namba ya simu.

Miezi kumi na minne, na mtu asiyeona amemfukua mwizi kwa alasiri mbili. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulikwisha kujibu.

"Hapana, mama, siyo huyo."

Sasa, mkwe habishani na mkwewe. Angekuwa rafiki angesema, acha uongo wako, ni huyo huyo. Mama mkwe aliinamisha kichwa, akasema, "Basi nimekosea, mwanangu," akaendelea kufuma. Na yeye, akiwa amekwisha kusema siyo huyo, ilimbidi aende akafanye isiwe huyo, kwa sababu mama angesikia mwisho. Alizichana sura za mwisho, akazipeleka kazini, akazitupa kwenye tanuri la kuchemshia maji ya mvuke ili usibaki ushahidi, akaandika nyingine. Sufuria ikaibwa na mpambaji ambaye hata hakuwa na haja ya sufuria.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Yeye hakukubali mara moja, wala mbili. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha mwenyewe: hakuna mwalimu aliyewahi kumpa alama, kwa hiyo kila aliyemsikiliza alimgeuza kuwa mtihani. Kitabu cha pili mama alijua, akaambiwa siyo huyo. Cha tatu vivyo hivyo. Cha nne alijua sura ya kwanza, mkwewe akashindwa kula jioni ile. Na kila mara tanuri lilipata kuni, na kila mara kitabu kilikwenda kwa wahariri kikiwa na kichwa chake na miguu ya mtu mwingine.

Cha tano kilikuwa hiki cha kengele. Sura ya pili, mkunga anasimama chini ya mlingoti wa chuma ilipokuwa ikining'inia kengele, anatazama juu.

"Ni yule mpiga kengele mstaafu," mama mkwe alisema. "Mwizi hukata kamba. Huyu ameifungua, akaikunja, akaitundika. Anaipenda kengele. Hakutaka wengine waipige vibaya."

"Hapana, mama, siyo huyo."

Usiku huo alizisoma sura za mwisho kwa sauti jikoni, kama kuziaga, kisha akazipeleka tanurini, akamgeuza mwizi kuwa mpishi. Mama akamjua mpishi. Hapana. Akamgeuza kuwa mwalimu wa hesabu. Safari hii mama alichukua siku tano, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, isije ikawa ni mwalimu wa hesabu. Hapana, mama. Ndipo akamleta muuza vyuma chakavu kutoka mbinguni. Alipomaliza kusoma, mama mkwe aliweka uzi mapajani.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Huyu sikumjua."

Mpiga pasi alitoka nje akauzunguka mtaa mara mbili akipiga mluzi. Alimsalimu hata jirani waliyenuniana tangu mwaka juzi. Mswada aliopokea mhariri ulikuwa huo, wa ushindi.

*

Jumanne alijaribu. Jina la mwizi wa kweli alilikumbuka; njia ya kumfikia hakuikumbuka. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu aandike mwisho ule wa kwanza, na juu yake amepanga wapishi na walimu na vyuma chakavu mpaka hakuona tena chini kuna nini. Kila alipomwandika mpiga kengele, mzee wa watu aliingia chumbani, akasimama wima, akaanza kujieleza kama mshtakiwa. Mkunga naye akawa anauliza maswali kama polisi. Kurasa kumi na moja alizichana kabla ya chakula, na saba baada yake.

Jumatano kazini aliiacha pasi juu ya shuka huku macho yake yakitazama ukuta. Moshi ulipopanda, msimamizi alikuja, akalinyanyua shuka kwa ncha mbili, akalionyesha chumba kizima. Alama ya pasi ilikuwa katikati, ya kahawia, kama uso wa mtu.

"Mpelelezi," alisema, maana hilo ndilo jina walilompa pale, "hebu tupelelezee. Nani kaliunguza shuka hili? Tuanze na nani, mpishi?"

Watu walicheka, wakunjaji mashuka walicheka mpaka wakashika meza. Mpiga pasi naye alicheka, kwa meno tu. Ndani yake kulikuwa na sauti moja inayohesabu: leo, kesho, kesho kutwa saa sita. Miaka kumi na moja ilikuwa imebaki saa arobaini na tisa. Alijua umri wake, arobaini na sita, na alijua kwamba baada ya Ijumaa angekuwa mpiga pasi, na hakuna zaidi. Si kwamba kazi ile ni ya aibu. Aliipenda. Lakini alikuwa amejiambia kwa miaka mingi kwamba ni kazi ya kungojea, na mtu akishagundua hakuna alichokuwa akingojea, hata pasi huwa nzito.

Mkewe aliporudi alasiri hiyo, chaki kwenye mikono ya gauni, alimkuta amekaa sakafuni jikoni katikati ya makaratasi. Akamtazama, akamuuliza kwa sauti yake ya shuleni kama anataka kupelekwa chooni. Hakucheka. Mkewe akaliona hilo, akavuta kiti.

"Basi nikwambie lingine kabisa, yote yaishe kwa pamoja," alisema. "Kaka anakuja Jumamosi kumchukua mama. Moja kwa moja."

Aliuliza kwa nini, kuna nani aliyemuudhi. Mkewe akasema hakuna. Mama ameomba mwenyewe, tangu mwaka jana anaomba, ila yeye alikuwa anamzungusha. Anasema kichwa kinamwacha. Mpiga pasi akasema huo ni upuuzi, mama anajua namba za simu za watu waliokufa.

"Ndivyo nilivyomwambia. Akanijibu za zamani zipo, ila za sasa hazishiki. Zamani alikuwa akimsikia mtu mara moja anajua huyu mwongo, huyu mkweli. Sasa hata hadithi zako zinampita. Kila akisema ni huyu, siyo. Vitabu vitano, siyo. Amesema hataki kusubiri mpaka asahau choo kiko wapi, tukaanza kumwonea kinyaa."

Alikuwa anaokota makaratasi huku akisema, anayapanga kwa ukubwa kama kazi za watoto. Hakuwa anamlaumu. Hilo ndilo lililomchoma mpiga pasi: mkewe hakujua kuna wa kulaumiwa.

*

Mama mkwe alikuwa chumbani kwake akikunja nguo kwa kupapasa na kuzipanga ndani ya sanduku. Mpiga pasi alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, kama inavyopasa. Alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu Jumatatu, mazuri, ya kumwomba mama amsaidie kukumbuka sura fulani fulani. Yote yalimtoka. Alisema tu kwamba amekuja kukiri. Alisema alimdanganya. Mama alijua kila mara, na kila mara yeye alisema siyo, kisha akaenda kubadilisha.

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya kanga. Uso wake haukubadilika.

"Ya sufuria?" aliuliza.

"Shemeji wa bibi harusi, mama."

"Miwani."

"Mtunza maktaba mwenyewe."

"Barua. Mke wa tarishi?"

"Ndiye."

"Picha ya ukutani."

"Yule binti wa fundi saa. Ulimjua sura ya kwanza."

"Na kengele."

"Mpiga kengele, mama. Ulisema na sababu yake. Sababu ilikuwa hiyo hiyo."

Kwa kila jibu alikuwa amekunja kidole kimoja. Sasa ngumi ilikuwa imefumba, akaiweka kifuani.

"Mwaka juzi," alisema, "nilianza kuyataja majina ya wanangu kila nikiamka. Wazima na waliokufa, wote saba, nione kama bado yapo. Asubuhi moja mmoja alinipotea. Nilikaa naye mdomoni, hatoki, mpaka nilipokunywa chai. Nikasema, basi, ndiyo hii. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza jambo namwambia sijui. Hata ninalolijua."

Mpiga pasi alitaka kulia, lakini aliona hata machozi yangekuwa ya kujipendelea.

"Nikuulize," mama mkwe alisema. "Umekuja kuniponya mimi, au umekuja kuokoa kitabu?"

Alikuwa mpokeasimu miaka thelathini, na mkwewe alijua kwamba hapo hapana pa kujificha. Uongo mmoja mdogo ungetosha, wa heshima, na wote wawili wangelala vizuri.

"Kitabu, mama. Nilikuwa nije kwa ajili ya kitabu. Hili jingine nimeambiwa jikoni sasa hivi."

"Basi leo umesema kweli mara mbili. Usizidishe, utajichosha. Nenda."

*

Alhamisi alinyoosha mashuka kama mtu anayenyoosha sanda yake. Hakufikiria tena sura sita. Alishajiambia kwamba yamekwisha, na alikuwa akizunguka ndani ya neno hilo kama mtu anayekagua nyumba atakayoihamia. Saa nane alirudi nyumbani, akamkuta mama mkwe kwenye kiti cha dirishani. Sindano na uzi havikuwepo. Mezani mbele yake palikuwa na daftari jipya, alilotumwa mkewe akanunue, na kalamu juu yake.

"Kaa," alisema. "Na usinishukuru. Sikufanyii wewe. Nataka kusikia kichwa changu kikifanya kazi. Usiku ule ulipozisoma jikoni nilisikia, ila ulishasema siyo huyo, nikadhani niliota. Sura ya kumi na tano. 'Mkunga aliamka na magoti yake yakamtangulia kulalamika.' Andika."

Aliandika. Mama alisema kwa sauti ya mtambo wa simu, sawa, bila haraka, na sentensi zikaja moja nyuma ya nyingine, zote zikiwa na viatu vyao. Alizikumbuka hata mahali alipokohoa msomaji. "Hapa jirani alibisha hodi, ukaacha, ukarudia mstari." Alizikumbuka na mbaya zake. Palikuwa na jua "lililotabasamu kwa huzuni", na mpiga pasi alipolisikia aliona haya, akataka kulifuta.

"Andika kama ulivyoandika," mama alisema. "Ukianza kubadilisha, nitajuaje kama nakumbuka?"

Jua likatabasamu kwa huzuni. Mkewe alikuja akasimama mlangoni na sinia la chai, akabaki hapo hapo, sinia mkononi, mpaka chai ikapoa. Alikuwa ameelezwa yote usiku uliopita, na tangu hapo alizungumza na mumewe kwa maneno mawili mawili. Lakini alipomsikia mama yake akitiririka namna ile, uso wake ulilegea, akaliweka sinia chini, akajifuta macho kwa mkono wenye chaki. Giza lilipoingia zilikuwa zimekamilika sura nne.

Ijumaa mpiga pasi alituma ujumbe kazini kwamba tumbo linamwendesha. Msimamizi alijibu, pole Mpelelezi, kalipeleleze. Wakaanza alfajiri. Sura ya kumi na tisa ilikwisha saa mbili. Ya ishirini ilikwenda vizuri mpaka mkunga alipofika nyumbani kwa mpiga kengele, na hapo mpiga pasi akapata nguvu, kwa sababu hapo alikumbuka. Akasema, sasa mkunga anainama, anaona kengele chini ya kitanda, imefungwa blanketi.

"Siyo hivyo," mama mkwe alisema. "Hukuandika blanketi."

"Niliandika nini?"

"Mkunga anakaa. Hamuulizi mzee kitu. Wanazungumza habari za mvua. Chai inapoa. Inafika saa nne, saa ya watoto kutoka mapumziko. Mkono wa mzee unanyanyuka wenyewe kutoka gotini. Unashika hewa, unavuta chini, mara tatu. Mzee anautazama mkono wake. Mkunga naye anautazama. Kisha mzee anasema, 'Maliza chai yako, nitairudisha.'"

Kalamu ilimtoka mpiga pasi vidoleni. Alitafuta kichwani mwake, akatafuta tena, kama mtu anayepekua mifuko ya koti lile lile. Hapakuwa na mkono. Palikuwa na kitanda na blanketi, au labda hata hilo lilikuwa la kitabu kingine. Na mkono ule ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiandika. Uliwashinda wezi wote watano.

"Mama, hii niliiandika mimi?"

"Wewe."

"Siikumbuki hata kidogo."

"Pole, mwanangu," mama mkwe alisema. "Huanza hivyo hivyo."

Hakuwa na ushahidi. Ushahidi wote aliuchoma mwenyewe, daftari kwa daftari, na majivu yake yalikwisha kutupwa na mfagiaji. Ukutani saa ilikuwa tatu na nusu. Akaiokota kalamu, akaandika mkono.

*

Alifika kwa mhariri saa tano na dakika arobaini, akiwa na shati ambalo kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake halikupigwa pasi. Mhariri alisoma akiwa amesimama. Alifungua kurasa upesi upesi, akikata maneno kwa kalamu nyekundu, na jua lenye huzuni likafa hapo. Kwenye sura ya ishirini alipunguza mwendo. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena, akavua miwani.

"Huu mkono," alisema. "Kaka, huu mkono ndio kitabu chenyewe. Siku zote hizi ulikuwa umeuweka wapi?"

Angeweza kusema lolote. Alisema alisaidiwa kukumbuka.

Mhariri aliingia kikaoni na faili. Mpiga pasi alikaa kwenye benchi la ukumbi na kutazama viatu vya wapita njia. Saa nane mlango ulifunguliwa, na mhariri akamwambia kimepita, kitatoka mwakani, aje Jumatatu kutia sahihi. Akamshika mkono. Mpiga pasi alishukuru kama inavyostahili, akashuka ngazi polepole, akasimama katikati kuingojea furaha. Kiti chake alikuwa amekiandaa miaka kumi na moja. Ilichungulia mlangoni, ikamwona, haikuingia.

Nyumbani mkewe alimkumbatia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na akasema maneno zaidi ya mawili. Mama mkwe alipoambiwa alisema, "Vizuri," kama mtu aliyeambiwa mvua imekatika.

Jumamosi asubuhi shemeji alikuja na gari la kuazima, amevaa uso wa kumchukua mgonjwa. Alizungumza na mama yake kwa sauti kubwa na ya polepole. Mama mkwe alimwacha amalize. Kisha akamwambia anakwenda kwake mwezi mmoja kuwasalimu wajukuu, si kwenda kufa, na aliye na shaka na kichwa chake amjaribu. Akamtajia namba yake ya simu, akamtajia na ile ya zamani, akamtajia na ile ya tatu. Shemeji akauliza ya tatu ameijulia wapi, maana hiyo hata mkewe hana. Mpiga pasi na mkewe walicheka mpaka wakaegemeana. Shemeji hakucheka, alitoka nje kwenda kukagua matairi.

Mpiga pasi alibeba sanduku, mama mkwe akafuata, mkono wake ukipapasa ukuta wa nje. Mlangoni pa gari alisimama. Mpiga pasi alikuwa hajalala vizuri. Jumatatu angetia sahihi karatasi inayosema kwamba yote yaliyomo ni yake.

"Mama, nikuulize jambo moja tu. Ule mkono."

"Mkono gani?"

"Wa mpiga kengele. Nakuomba, kwa kweli ya Mungu. Ulikuwa wangu?"

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Ulikuwa wako, mwanangu."

Aliutazama uso ule kwa kadiri mkwe anavyoruhusiwa kuutazama uso wa mkwewe, yaani si kwa muda mrefu. Alitafuta kope inayocheza, pembe ya mdomo, chochote. Hapakuwa na kitu. Shemeji alikwisha kuwasha gari. Mpiga pasi akafungua mlango, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mama asijigonge, akamwingiza taratibu, akafunga.